Compro na compró: kununua kwa jana kwa Kihispania

Assalamu alaykum, jamaa zangu wa Wete, Chake, Mkoani, na nyie wa Nungwi mnaonitazama mkishatoka ufukweni. Hapa Valencia ni saa tano za usiku, ndo kwanza nimerudi kazini, hata mtandio sijavua.

Mdogo wangu anatembeza wageni mashamba ya viungo huko Unguja. Jana kanitumia sauti: "Dada, Wahispania nawasalimia, bei nawatajia, lakini nikitaka kumwambia mtu kuwa mwenzake kanunua karafuu, nakwama. Kila kitu kinanitoka cha sasa hivi." Basi video hii yako, mdogo wangu, na ya kila anayekwama hapo.

Tuchukue kununua: comprar. Sisi mtu na wakati tunavitanguliza: ni-li-nunua, u-li-nunua. Ukifika kwenye "nunua", anayekusikiliza keshajua nani na lini. Mhispania anaanza na jambo lenyewe, compr-, halafu nani na lini anavifunga pamoja mkiani. Compré, nilinunua. Compraste, ulinunua. Compró, alinunua. Compramos, tulinunua. Comprasteis, mlinunua. Compraron, walinunua. Hiyo comprasteis ni ya huku Uhispania. Wageni wa Argentina au Meksiko wakiwa wengi, waambie ustedes compraron, yaani nyie mlinunua.

Sasa nitazameni mdomo. Com-PRÓ. Sauti inakazwa mwisho kabisa, na kile kijimstari juu ya ó kimewekwa kukwambia hivyo. Hapa ndipo tunapoteleza, maana ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ka-ra-FU-u, m-NA-zi. Ukisema COM-pro, umesema "nanunua". Mtu kabadilika, wakati umebadilika, na herufi ni zile zile.

Wala si jambo geni kwetu. Barabara ya kwendea Konde, na kazi iliyofanywa barabara, si huandikwa vivyo hivyo? Sikio lako linazipambanua bila kufikiri. Sikio hilo hilo lipeleke kwenye Kihispania.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nahudumia mezani kwenye mkahawa mmoja. Mwenye mkahawa akaniuliza kama mtu wa meza ya nne kalipa. Nilitaka kusema pagó, kalipa. Ikanitoka pago, kwa mkazo wa nyumbani, yaani "nalipa mimi". Akanitazama, akanisukumia risiti: euro 38. Nilisimama na ile karatasi, mkono unatetemeka, sijui nimekosa nini, mpaka mpishi mmoja wa Senegal akaja akagonga meza kwa kidole: pa-GÓ, pa-GÓ, pa-GÓ. Tangu siku ile kila nikitamka ó nakisikia kile kidole.

Vitenzi vya kawaida vinavyoishia na -er na -ir, si -ar kama comprar, vina mkia wao mmoja. Comer, kula: comí, comiste, comió, comimos, comisteis, comieron. Vivir, kuishi, ndo hivyo hivyo: viví, viviste, vivió.

Compramos nayo iangalieni: ni "tunanunua" na ni "tulinunua", hazitofautiani hata kwa mkazo. Inayoamua ni ayer, jana. Ayer compramos pescado, jana tulinunua samaki.

Na kuna pahala Kiswahili kinatubeba. Darasani wenzangu walihangaika sana na he comprado na compré. Mimi nilipoelezwa nikasema, kumbe ni nimenunua na nilinunua! Sehemu kubwa ya Uhispania, ukizungumzia leo unasema he comprado. Ukizungumzia jana, compré. Havilingani moja kwa moja, maana sisi hata ya jana twasema "kanunua", lakini itakuvusha. Mgeni wa Amerika ya Kusini ukimsikia akisema compré kwa kitu alichonunua asubuhi hii hii, usidhani kakosea, kwao ndo kawaida.

Haya mdogo wangu, mtu akikuuliza mwenzake kanunua nini kule shambani: Tu amigo compró clavo. Clavo ni karafuu, na ni msumari pia. Iokote karafuu moja kavu uitazame kichwa chake na mguu wake, utaona kwa nini. Sentensi hiyo irekodi, unitumie kesho kabla sijaenda kazini. Nitakachosikiliza ni ile ó tu.