Gari Lako Nalo Lina Pasipoti: Makaratasi ya Kutoka Malindi Hadi Cape Town

Asalaam alaikum, na hamjambo nyote. Hiyo mnayoiona nyuma yangu ni nguzo ya Vasco da Gama. Kusi leo limekaza, kwa hivyo sauti ikipeperuka mtaniwia radhi. Mreno huyu aliizunguka Rasi ya Tumaini Jema, akatia nanga hapa Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Viza hakuulizwa. Sisi tunaifuata njia yake kinyumenyume, tena kwa barabara, kutoka hapa mpaka Cape Town, zaidi ya kilomita 5,000, na tutaulizwa kila kitu.

Vijana wakija gereji kwangu na mipango ya safari ndefu huniuliza matairi, springi, tangi la pili la mafuta. Makaratasi hawaulizi. Springi ikivunjika Iringa utapata fundi. Karatasi ikikosekana Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, utapata kivuli cha kukalia tu.

Kabla hatujaanza, shikeni hili: mpakani wanaovuka ni wawili, wewe na gari. Wewe una pasipoti yako na siku zako. Gari nalo lina karatasi yake na siku zake. Afisa wa uhamiaji akishakugongea muhuri amemalizana na wewe. Gari bado liko pale pale.

Haya, tuingie gereji.

Tunaanza na gari lenyewe. Chukua logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, iwe ile ya karatasi au ile uliyochapisha kutoka eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, shika tochi, ulale chini. Nasogeza kamera. Kwa Land Cruiser kama hii namba ya chesi imegongwa kwenye fremu, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Mnaona hiyo kutu? Ndiyo dalili ya gari la pwani. Chumvi imekula mpaka namba haionekani, ni ukoko mtupu. Basi hivi ndivyo nifanyavyo: napaka mafuta ya taa, naacha dakika kumi, nasugua polepole kwa mswaki wa zamani. Napangusa na kitambaa. Narudia. Haya, tazameni, herufi zinaanza kutokea moja moja.

Msasa usitumie. Grainda ndiyo kabisa, usiisogeze hapa! Namba ikionekana imekwaruzwa, afisa atakushuku umeiba gari, na mimi nikiwa mahali pake ningekushuku vilevile. Ikishasomeka, paka grisi nyembamba isishike kutu tena, piga picha uiweke kwenye simu.

Sasa linganisha na logbuku. Mwenzako asome kwa sauti, wewe fuata kwa kidole, herufi kwa herufi. B na 8 zimewatesa wengi. Halafu fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini, na hapa ndipo watu hushtuka, maana magari mengi ya huku yalishabadilishwa injini zamani na logbuku haina habari. Kama lako ni hivyo, simamisha safari kwanza. Peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari Kenya, gari likaguliwe, logbuku isahihishwe. Usijidanganye kwamba hakuna atakayefunua boneti. Watafunua.

Jina kwenye logbuku ni lako? Kama gari ni la kaka yako au la kampuni, beba barua ya idhini iliyoshuhudiwa na wakili, itaje namba ya usajili, namba ya chesi, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na nchi zote utakazopita. Kama gari ni la mkopo na jina la benki limo, nenda benki ukaombe barua mapema. Barua ya benki haitoki kwa siku moja.

Stika ya EAK, alama ya gari la Kenya, ibandike nyuma. Pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, vizibao vya kung'aa, na stika za kuakisi, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Zambia na Zimbabwe trafiki huziangalia. Hayo hayana maelezo marefu, nunua tu.

Tuje kwenye pasipoti. Iwe na miezi sita ya uhai kuanzia siku utakayorudi, na kurasa tupu za kutosha, maana kila nchi inataka mahali pa kugonga, kuingia na kutoka. Kwa sisi Wakenya njia ya kusini ni nyepesi: Tanzania, Zambia, Malawi, Zimbabwe na Botswana hatuombi viza kabla ya kwenda. Afrika Kusini ndiyo iliyokuwa ikitusumbua miaka yote, lakini tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza, mradi siku zake zisizidi 90 kwa mwaka. Hata hivyo wiki moja kabla ya kuondoka hakikisha tena, kanuni za viza hubadilika.

Njia ya kaskazini ni habari nyingine. Ethiopia kupitia Moyale Mkenya haombi viza, ila kumbuka kule wanaendesha upande wa kulia. Shida iko mbele. Tangu vita vianze Sudan, Aprili 2023, njia ya kwenda Misri kwa gari kupitia Khartoum mimi siihesabu kama njia. Mwenye kutaka Cairo na asubiri.

Na nyinyi wageni mlioko Watamu na magari yenu mnaonisikiliza, maana najua mpo: ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki ya dola 100 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Mzee mmoja Mtaliano alikuja kwangu kubadilisha breki, ameshapanga kila kitu mpaka hoteli ya Tanga, hilo halijui. Breki zilikwisha saa nane, viza ikachukua siku zake.

Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau. Ukichanjwa, cheti kinaanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hivyo usingoje wiki ya safari. Tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha, hata kama kitabu chako cha zamani kimeandikwa miaka 10.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Karatasi ya gari.

Forodha ya nchi yoyote ina hofu moja: uingie na gari kama mpita njia, uliuze kule bila ushuru, urudi kwenu kwa basi. Malindi hatuwezi kusema hatujui mambo hayo. Mwaka 1415 wajumbe wa hapa walimfikisha twiga China, akapokewa kwa shangwe na mfalme wao. Alikwenda hajarudi mpaka leo. Sawa, yule alikuwa zawadi. Lakini gari lako si zawadi, na forodha inataka uhakika kwamba litatoka.

Kuna njia mbili za kuwapa uhakika huo. Ya kwanza ni kibali cha muda, unapewa mpakani pale pale. Kama safari yako ni Tanga, Dar, Arusha na kurudi, hicho kinakutosha, usijisumbue na zaidi. Lakini ukishakipokea, usikikunje ukatia mfukoni. Soma tarehe ya mwisho papo hapo dirishani. Mtu anaona pasipoti yake ina miezi mitatu, anadhani na gari lina miezi mitatu, kumbe lilipewa mwezi mmoja.

Njia ya pili ni kwa anayekwenda mbali. Jina lake kamili ni la Kifaransa, Carnet de Passages en Douane. Sisi tutaiita kaneti. Hapa Kenya inatolewa na AA Kenya, chama cha wenye magari. Unapeleka nakala ya logbuku, ya pasipoti, orodha ya nchi, thamani ya gari, na unaweka dhamana, ama pesa taslimu ama dhamana ya benki. Kiasi kinategemea thamani ya gari na nchi unazokwenda, na pesa hizo ni zako, unarudishiwa kaneti ikishafungwa sawasawa. Inadumu mwaka mmoja. Kurasa ni 5, 10 au 25. Hesabu mipaka yako, kisha ongeza, kwa sababu utarudi kwa njia hiyo hiyo.

Nafungua ukurasa mmoja mwone. Umegawanyika vipande vitatu. Hiki cha chini, afisa wa nchi unayoingia anakigonga, anakichana, anabaki nacho. Hiki cha kati kinachanwa siku unapotoka. Hiki cha juu hakichanwi, kinabaki kitabuni, na juu yake kuna sehemu mbili za muhuri: kushoto ulipoingia, kulia ulipotoka. Upande huu wa kulia ndio pesa zako. Ukiwa mtupu, kwa maandishi gari lako bado liko nchi ile, hata kama limeegeshwa hapa Malindi, mtaa wa Barani, chini ya mwembe.

Nawaambia kwa sababu yalinikuta. Mpaka mmoja kule kusini, siutaji, jengo ni moja na madirisha mengi. Nikagongewa pasipoti ya kutoka, nikagongewa ya kuingia, mbele yangu watu wanakwenda magarini, nami nikafuata mkumbo. Mlinzi geti akafungua. Jioni niko gesti, kama kilomita 90 mbele, nafungua kaneti niandike matumizi, naona kulia kweupe. Sikulala vizuri. Asubuhi nikageuza gari. Afisa akacheka, akaniuliza, "Fundi, jana ulikuwa na haraka ya nini?" Akanigongea, lakini wino wa kibao chake ulikuwa umekauka, tarehe haisomeki. Nikamwomba kwa adabu arudie pembeni. Akarudia. Siku nzima ilipotea, na mafuta. Ningegundua hayo nikiwa nimesharudi Malindi, ningehitaji hati ya kushuhudia kwamba gari liko nyumbani, na dhamana ingekaa AA mpaka wapate kuridhika.

Bima, kwa ufupi. Bima yako ya Kenya, hata kama ni ya kila kitu, inaishia mpakani usipoiongeza. Mwambie wakala wako akupe Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Inabeba madai ya wale uliowagonga, Tanzania, Zambia, Malawi, Zimbabwe na nyinginezo. Tanzania ilishatoka COMESA lakini kadi wanaikubali. Botswana na Afrika Kusini hazimo. Botswana unalipia mpakani pamoja na kibali cha barabara. Afrika Kusini mfuko wao wa ajali za barabarani unalipwa ndani ya bei ya mafuta, lakini unafidia watu walioumia, haulipi bampa ya mtu. Kama unaogopa kugonga Mercedes ya watu, tafuta bima zaidi.

Sasa siku ya kuvuka. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, unavuka Likoni kwa feri au unapita barabara ya Dongo Kundu, kisha Kwale mpaka Lunga Lunga. Hapa wageni huchanganyikiwa: wanasimama upande wa Kenya kutafuta muhuri wa kutoka. Mpaka huu ni wa kituo kimoja. Ukienda Tanzania, kazi yote inafanyika Horohoro, upande wa pili. Wakenya na Watanzania wamekaa jengo moja.

Ukiingia, hesabu vituo vinne: uhamiaji Kenya, uhamiaji Tanzania, forodha Kenya, forodha Tanzania. Hesabu kwa vidole kama mtoto wa madrasa, usitoke mpaka vidole vinne vimekunjwa. Aliyekuzidi umri mwamkie, shikamoo kwanza, karatasi baadaye. Upande ule salamu haiparamiwi. Vijana watakukimbilia nje na vizibao na beji shingoni wakitaka kukusaidia. Beji si cheo. Pasipoti na kaneti hazitoki mkononi mwako isipokuwa kupitia dirisha. Na kila ulipacho kiwe na risiti.

Ukishavuka, vijijini ni kilomita 50 kwa saa. Na wanapima.

Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, tenga siku nzima. Foleni ya malori isikutishe, gari dogo linaruhusiwa kupita kando, ila ulizia. Ndani utalipia ushuru wa moshi na ushuru wa barabara kwenye madirisha mbalimbali. Beba dola mpya zisizo na mikunjo, noti kuukuu wanazikataa. Kutoka Zambia mimi napenda daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021, lenye urefu wa mita 923 kuvuka mto Zambezi, limepindwa makusudi lisiikanyage Zimbabwe. Ukivuka lile unaingia Botswana, na kuanzia hapo mpaka Cape Town forodha ni umoja mmoja: kaneti inagongwa ukiingia na itagongwa ukitoka, katikati wakikupungia mkono upite, usiwalazimishe kugonga.

Ukirudi nyumbani, kaneti ipeleke AA na kurasa zote, hata zile tupu, ndipo udai dhamana yako.

Nakala zangu ni hizi, seti tatu, ndani ya bahasha ya plastiki. Tunaondoka kesho baada ya alfajiri, tuiwahi feri. Bahasha naiweka hapa chini ya kiti cha dereva. La, hapana, hapa panaingia maji nikivuka mto. Naiweka kwenye mkoba wa mama watoto. Yeye hajawahi kupoteza kitu.