Njemba ya Miraba Minne: Kaa Mbali au Mgande

KELVIN: Wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Kelvin, na kama kawaida niko na dada Zuhura, mwalimu wa judo, ambaye akisimama ananifikia hapa kwenye mfuko wa shati.

ZUHURA: Ananiita mwalimu halafu ananidharau hapohapo.

KELVIN: Sijadharau, nimepima! Haya, tuna ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Mbagala. Ana kibanda cha kuweka na kutoa pesa, anafunga saa tatu usiku, na anasema ana futi tano kasoro kidogo. Anauliza: ikimjia njemba ya miraba minne, aipige wapi ianguke?

ZUHURA: Mama, pole na kazi. Swali zuri, ila hilo la kuanguka tuliweke pembeni. Ianguke ya nini? Shida yako si njemba ilale chini, shida yako ni ufike nyumbani. Ukitaka kumwangusha mtu itabidi ukae naye mpaka aanguke, na kila sekunde unayokaa pale ni faida yake.

KELVIN: Kwa hiyo mbio.

ZUHURA: Mbio kama njia ipo. Kama haipo, ujue umesimama wapi. Kelvin, simama. Nyoosha mkono. Wasikilizaji, mkono wa huyu bwana unanifika usoni, wangu haufiki hata kwenye kidevu chake. Hapa nilipo ndipo mahali pabaya kuliko pote duniani. Nikirudi hatua mbili, hanigusi. Nikiingia mpaka nigande kifuani kwake, ule mkono mrefu hauna pa kukunjukia, ngumi inakosa nguvu. Watu wafupi wanaumia hapa katikati, kwa sababu uoga unawasimamisha palepale: hawaendi mbali, hawaingii ndani.

KELVIN: Halafu ndipo wanaporusha ngumi.

ZUHURA: Ambayo haifiki! Unakumbuka pambano la mabondia David Haye na Nikolai Valuev? Novemba 2009, Nuremberg, Ujerumani. Valuev ana sentimita 213, mzito kumzidi Haye kilo zaidi ya arobaini. Na Haye si mfupi, ana zaidi ya mita moja na tisini, lakini pale ulingoni alionekana kama mtoto kasindikizwa na baba yake.

KELVIN: Na watu walilalamika pambano halina raha.

ZUHURA: Walilalamika sana. Raundi kumi na mbili jamaa anazunguka tu. Anakaa nje ya ule mkono, anachupa ndani, anatupa mbili tatu, ametoka. Hakusimama katikati kubadilishana ngumi na lile jitu hata kidogo. Alishinda kwa pointi, akachukua mkanda wa dunia wa chama cha ngumi cha WBA. Raundi ya mwisho ndiyo alimpata vizuri mpaka Valuev akayumba. Sasa jiulize, bingwa wa dunia, mwenye kilo karibu mia, anamkimbia mkubwa kuliko yeye kwa dakika thelathini na sita. Wewe na kilo zako hamsini na tano unataka kusimama upigane, kwa nini?

KELVIN: Lakini yule alikuwa na ulingo mzima wa kuzungukia. Kwenye uchochoro wa Mbagala hakuna pa kuzunguka.

ZUHURA: Hapo ndipo tunaingia ndani. Mpiganaji Mbrazili Royce Gracie, Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993, UFC ya kwanza kabisa, yale mashindano ya kupigana kwa mtindo wowote. Hakuna uzito, mtu yeyote anapigana na yeyote. Royce ana kilo themanini hivi. Akapigana mara tatu usiku mmoja, akashinda zote kwa kumganda mtu mpaka akubali kushindwa. Fainali alikutana na Mholanzi mmoja, Gerard Gordeau, mrefu wa karibu mita mbili. Mwaka uliofuata, UFC ya nne, akakutana na Dan Severn, mcheza mieleka aliyemzidi kilo zaidi ya thelathini.

KELVIN: Lile nimeliangalia. Severn amemlalia juu, mpaka unasema huyu Royce amekwisha.

ZUHURA: Amemlalia zaidi ya robo saa. Royce yuko chini, mgongo sakafuni, lakini miguu yake imemzunguka Severn. Mwisho akaibana shingo na mkono mmoja katikati ya mapaja, Severn akapiga sakafu kukubali. Watu wengi duniani walianza kuitazama jiu-jitsu ya Brazili, huo mchezo wake wa kugandana na kukabana, kwa macho mengine kutokana na siku zile.

KELVIN: Mwalimu, naomba nikupinge. Kwanza Royce ana mita moja na themanini na tano. Huyo mnamwita mdogo, mimi na wenzangu tumcheke? Pili, alikuwa na refa, zulia laini, na mpinzani mmoja ambaye hana rafiki aliyesimama pembeni na tofali.

ZUHURA: Umesema kweli na mimi nafundisha hivyo hivyo. Robo saa chini ya mtu, barabarani, haipo. Sitaki mwanafunzi wangu yeyote alale chini kwa hiari kwenye lami. Ninachokichukua kwa Royce ni kule kuganda tu. Ukiwa umebanwa na huwezi kutoka, gandana naye, kichwa chako kifuani kwake, mpaka upate upenyo wa kutoka. Halafu kuna hii habari ya kwamba ufundi unashinda ukubwa siku zote. Mimi judo ndiyo kazi yangu, na nakwambia si siku zote.

KELVIN: Oho! Leo utafukuzwa kwenye chama.

ZUHURA: Wanifukuze. Olimpiki ya Tokyo, 1964, ndiyo mara ya kwanza judo inaingia. Wajapani wameileta nyumbani kwao. Kwenye kundi la wazi, lisilo na uzito, fainali ni Mjapani Akio Kaminaga dhidi ya Mholanzi Anton Geesink, karibu mita mbili. Geesink akambana chini, dhahabu ikaenda Uholanzi, ukumbi mzima umenyamaza. Kaminaga hakuwa na upungufu wa ufundi. Ila mwenzake alikuwa na ufundi na mwili. Kwa nini michezo yote hii ina madaraja ya uzito? Kwa sababu uzito una maana. Kibaka wa mtaani bahati nzuri hana ufundi wa Geesink, ana mwili tu na mazoea ya watu kumwogopa.

KELVIN: Haya, tumfikie mama sasa. Amekamatwa mkono.

ZUHURA: Nishike. Shika kwa nguvu, usinionee huruma. Sasa watu wote wakishikwa hapa kwenye kifundo wanavuta nyuma. Unavuta nyuma unashindana na mwili wake wote, na wewe unapoteza miguu. Angalia mkono wa Kelvin: vidole vinne upande huu, dole gumba upande huu, na hapo vinapokutana ndipo pana uwazi. Mkono wangu una upande mpana na upande mwembamba. Naugeuza, upande mwembamba uelekee kwenye ule uwazi. Halafu sivuti. Naingia. Napiga hatua kumwendea, nakunja kiwiko changu kama nataka kigusane na kiwiko chake…

KELVIN: Aisee! Umetoka.

ZUHURA: Umeona dole gumba limeachia lenyewe? Lile peke yake haliwezi kushindana na mwili mzima unaoingia. Akiwa amekamata kwa mikono miwili, unashika ngumi yako mwenyewe kwa mkono wa pili, unaivuta juu ukiwa unaingia. Ukishatoka usisimame kushangilia.

KELVIN: Na roba? Maana huku kwetu ndiyo silaha ya vibaka. Anakuja nyuma, mkono shingoni, mwenzake anapekua mifuko. Nairobi wanaiita ngeta.

ZUHURA: Roba inatisha kwa sababu muda ni mfupi. Mkono ukibana mishipa ya pembeni ya shingo sawasawa, sekunde kumi hivi mtu amezimia. Kwa hiyo mambo mengine yote yanasubiri, kwanza pumzi na damu. Njoo nyuma yangu. Taratibu, shati langu jipya. Cha kwanza kidevu: nakishusha kifuani na kukigeuza kuelekea kwenye kona ya kiwiko chake, kwa sababu kwenye ile kona pana nafasi, koo halibanwi. Mabega yanapanda juu. Mikono miwili yote inang'ang'ania huu mkono wake, siyo kumpapasa usoni nyuma huko. Halafu najiachia uzito, nakalia chini kama kuna kigoda.

KELVIN: Mgongo wangu jamani.

ZUHURA: Umeinama, sivyo? Hapo ndipo ufupi unalipa. Mrefu akimkaba mfupi, mfupi akishuka, mrefu lazima ainame amfuate au aachie. Akishainama, kiuno changu kiko chini ya mkanda wake, naye yuko juu ya mgongo wangu. Mwanafunzi wa judo hapo anambeba begani na kumtupa mbele, na ni mtupo unaowafaa wafupi kuliko warefu. Mama wa Mbagala hajafanya judo, asijaribu. Yeye akanyage kwa kisigino, kutoka kwenye ugoko mpaka juu ya kidole cha mguu, kiwiko kwenye mbavu, ule mkono ukilegea anachomoka. Na apige kelele muda wote. Kelele inampa pumzi yeye mwenyewe, maana mtu aliyeogopa anasahau kupumua.

KELVIN: Na korodani? Ndiyo kila mtu anashauri.

ZUHURA: Kila mtu anashauri kwa teke, na teke kwa mtu mrefu unasimama mguu mmoja katika umbali uleule mbaya niliosema. Ukiwa umegandana, goti, sawa. Ukiwa mbali, ondoka. Mimi napenda kiganja. Hapa chini ya kiganja, pale panapokutana na kifundo, unasukuma kutoka chini kwenda juu, puani au kidevuni. Mtu mrefu kidevu chake kiko juu yako tayari, kimekaa njiani. Na kiganja hakivunjiki kama vidole vya ngumi.

KELVIN: Ndicho wanachofundishwa wale mabibi wa Korogocho?

ZUHURA: Wale nawavulia kofia! Kwa msiojua, Korogocho ni mtaa wa mabanda Nairobi. Mabibi wa pale walikuwa wanavamiwa na kubakwa na vijana wa umri wa wajukuu zao, wakaanza kufanya mazoezi pamoja. Kikundi kinajulikana kama Shosho Jikinge, yaani bibi jikinge. Bibi wa miaka sabini na ushee anaupiga mfuko kwa kiganja na kiwiko, anapiga kelele ya kukataa. Ukiwaangalia, hakuna mapambo. Mapigo machache, yaleyale, sehemu laini tu: macho, pua, koo, kinena. Bibi hawezi kushindana nguvu na kijana wa miaka ishirini na hajaribu.

KELVIN: Walimu wengine wa kujilinda wangemfundisha bibi mateke ya kuzunguka.

ZUHURA: Kwa ada ya mwezi! Mtu anakufundisha mbinu ishirini kwa siku moja, zote zinatoka kichwani ukiogopa. Mbili zinatosha, uzifanye na mtu mkubwa kweli anayekataa kuachia. Mafunzo ya kushikwa na shoga yako wa kilo hamsini huku mnacheka hayakusaidii.

KELVIN: Kabla hatujamaliza, sheria. Mama akimvunja mtu pua si atapelekwa polisi?

ZUHURA: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuata, inatambua haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, kwa nguvu inayolingana na hatari. Ukishatoka mikononi mwake ukarudi kumpiga mawe aliyeanguka, huko si kujilinda tena. Na akiwa na kisu au wako watatu, mama, mpe begi. Hapo sina mbinu na sitaki kukudanganya.

KELVIN: Hela ya mtaji lakini, mwalimu.

ZUHURA: Najua. Ndiyo maana nataka nimuulize mama jambo lisilohusu ngumi kabisa. Kufuli la kibanda chako liko wapi? Vibanda vingi vya miamala nimevipita, shata inashuka na kufuli liko chini kabisa, karibu na ardhi. Saa tatu usiku mwanamke amechuchumaa, mgongo barabarani, kichwa chini anatafuta tundu la funguo kwa tochi ya simu, na begi la mauzo liko mapajani. Kibaka mwenye akili atasubiri dakika gani nyingine?

KELVIN: Na akichuchumaa hata mimi niliye mrefu nakuwa mfupi.

ZUHURA: Muite fundi wa kuchomelea akuhamishie ndoano ya kufuli juu, ifike usawa wa kifua. Utafunga ukiwa umesimama, ubavu kwenye shata, macho barabarani. Hela uiweke kwenye simu kabla hujatoka, ubaki na ya nauli. Na jirani wa chipsi, mkubaliane mfunge pamoja.

KELVIN: Fundi wa kuchomelea! Nilijua tutamaliza na goti la kinena.

ZUHURA: Goti aje kujifunza Jumamosi, asilipie siku ya kwanza. Na wewe uje, nahitaji mtu mkubwa wa kuwakamata wanafunzi.

KELVIN: Mgongo wangu bado, mwalimu. Wasikilizaji, tumeni maswali yenu kwa sauti, yasizidi dakika moja. Wiki ijayo tunaye dereva wa bodaboda.