Matope ya kuku yanaanzia kwenye bati

Wamama, wababa, vijana, karibuni. Jambo hili nimelisema Bagira, nimelisema Panzi, leo nalisema hapa Kadutu, hapahapa mjini Bukavu, maana kila mvua zikirudi mwezi wa tisa nawaona watu wakitoka kwa seremala na magunia ya vumbi la mbao, wakaenda kuyamwaga juu ya matope ya uwanja wa kuku. Jamani, acheni.

Mimi nilimwaga magunia matatu. Siku mbili uwanja ulipendeza. Siku ya tatu mvua ikapiga, vumbi likawa uji. Asubuhi nikamshika tetea mmoja mwekundu aliyekuwa akichechemea: kwenye kila kidole cha mguu wa kushoto palikuwa na donge la matope na kinyesi, gumu kama kokwa la parachichi. Nikaliloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikalimenya polepole, na chini yake ngozi ilikuwa imechubuka. Wiki hiyohiyo vifaranga wakaanza kuhara damu. Nikanunua dawa, wakapona. Mvua ikarudi, wakahara tena. Nikanunua tena! Mara ya tatu nikachukua mwavuli, nikasimama uwanjani mvua ikinyesha, nikatazama maji yanatoka wapi.

Yalikuwa yanatoka kwenye bati la paa la jiko. Chini ya ukingo wake ardhi ilikuwa imechimbika mstari mzima, na kijito kilikuwa kinapita chini ya wavu kuingia kwa kuku.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bati la jiko langu ni meta 6 kwa 4, yaani meta 24 za mraba. Mvua kubwa ya alasiri ikileta milimita 40, bati hilo peke yake linamwaga lita 960. Hayo ni karibu mapipa matano ya lita 200, yote mlangoni pa kuku kumi na wawili. Gunia gani la vumbi la mbao litayanywa?

Nikakunja mabati ya zamani yakawa mfereji chini ya ukingo wa paa, nikauinamisha kidogo kuelekea kwenye pipa. Upande wa juu wa uwanja nikachimba mtaro wa kukinga maji ya mlima. Baada ya hapo, na siyo kabla, nikakwangua tope lote mpaka kwenye udongo mgumu.

Kuna mtu atasema: shemeji yangu wa Goma anamwaga changarawe tu, kuku wake wako pakavu. Shemeji yako anakaa juu ya mawe ya volkeno! Pale maji yanazama yenyewe. Sisi huku Bukavu tuko juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi, tena kwenye mteremko. Changarawe ukiimwaga juu ya tope, kuku wanaikanyaga wiki chache, tope linaimeza, na franga zako zimeenda nayo.

Mwingine atasema: si ninunue dawa tu? Nunua kama kuku anaumwa. Lakini vijidudu vya kuhara damu vinatoka na kinyesi vikiwa bado havijakomaa. Vinahitaji unyevu, joto na hewa, na vikivipata, siku moja au mbili zinatosha viweze kuambukiza. Dawa nyingi za kuoshea banda haziviui. Ukavu unaviua. Kwa hiyo ukimtibu kifaranga ukamrudisha kwenye tope, umemrudisha kwenye ugonjwa.

Na jirani wa chini? Hili linaniuma sana. Katika mji huu watu wanakosana, hata nyumba zinapasuka, kwa sababu ya maji ya mtu wa juu. Usitoe mtaro wako ukamwagia mwenzako ukutani. Nenda ubishe hodi, mkubaliane maji yapite wapi mpaka mfereji wa avenyi, yaani wa barabara ya mtaa. Pipa likijaa, yanayofurika yafuate njia hiyohiyo.

Naona mnaangalia saa, basi niseme haraka. Uwanja ukishakauka, mwaga maranda makubwa na vipande vya magome, unene wa kiganja. Majani makavu yanaoza upesi na kuota ukungu. Magunia ya plastiki msitandike, kuku watachakura nyuzi wazimeze. Chombo cha maji ya kunywa kiwekwe juu ya matofali. Tope mlilokwangua lirundikeni lioze miezi kadhaa, ndipo liende kwenye migomba.

Mama uliyeuliza kuhusu banda lako, liko chini kabisa ya parseli, yaani kiwanja chako, na maji ya nyumba tatu yanaishia hapo. Hapo usichimbe, usimwage kitu. Hamisha banda upande wa juu kabla ya mwezi wa tisa. Nitakuja Jumamosi na jembe langu, tulibebe banda hilo pamoja.