Funguo Saba na Opena ya Soda

Jamani, habari za jioni. Kabla sijaanza, wenye magari wekeni funguo zenu hapa mezani. Haya. Huyu bwana wa mbele ana funguo saba, opena ya soda na picha ya mtoto kwenye plastiki. Asante kaka, umenipa mhadhara.

Miaka ya 2000 kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari, Chevrolet Cobalt likiwamo, yenye swichi ya kuwashia iliyolegea. Kampuni yenyewe ilikuwa imeweka kiwango cha ugumu, swichi haikukifikia, ikafungwa kwenye magari hivyohivyo. Goti likigusa funguo, au gari likiruka kwenye shimo, ufunguo unajirudisha. Injini inazima, usukani unakuwa mzito, breki inakuwa ngumu. Ukigonga hapo, mifuko ya hewa haifunguki, maana swichi imeshaizima.

Wateja walilalamika. Mwaka 2005 mawakala wanaouza magari hayo wakaelekezwa wawaambie wapunguze vitu kwenye funguo. Yaani gari limekuzimikia barabara kuu, unaambiwa toa opena! (Kaka, usinune.)

Mimi kama fundi, linaloniuma ni la 2006. Mhandisi aliidhinisha swichi mpya, ngumu zaidi, lakini namba ya spea ikabaki ileile. Ileile! Miaka ikapita, wachunguzi wanaona magari ya zamani yanazima na mapya hayazimi, na kitabu cha spea kinawaambia swichi ni moja. Mpaka mtaalamu aliyeajiriwa na wakili wa familia ya dada mmoja aliyefariki kwenye ajali ya Cobalt, jimbo la Georgia, mwaka 2010, akanunua swichi mpya dukani, akaifungua, akafungua na ya zamani, akazilaza pamoja. Kile kijiti kinachosukumwa na springi, cha mpya kilikuwa kirefu kidogo. Tofauti ya kuonea kwa jicho la kuchungulia.

Magari yakaitwa kurudishwa 2014, takriban milioni 2.6. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124.

Sasa nyie wanafunzi. Mteja akirudi mara ya tatu na lalamiko lilelile, huwa tunamwambia, "Mama, haya magari ndivyo yalivyo." Nimelisema hilo mwenyewe, zaidi ya mara moja. Siku hizi spea ya zamani siitupi hadi nimeilaza pembeni ya mpya na kuzipima, hata kama boksi lina namba ileile.

Kaka, chukua funguo zako. Opena tuachie, soda zinakuja.