"Sina Swali": Utetezi Hafifu na Hukumu ya Kunyongwa
Mhadhara kwa mawakili vijana, Dar es Salaam

Habari za jioni, ndugu zangu. Nawashukuru mliovumilia foleni ya Ubungo mkafika.

Nianze na ukurasa mmoja. Ni wa mwenendo, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, wa kesi ya mauaji niliyoipokea ikiwa tayari iko kwenye rufaa. Shahidi wa tatu wa Jamhuri, mama mmoja, anaeleza kwamba usiku wa tukio alimtambua mshitakiwa kwa mwanga wa taa ya sola iliyoning'inia barazani. Anamaliza. Chini yake yameandikwa maneno ya wakili wa utetezi: "Sina swali." Basi. Anaitwa shahidi wa nne.

Nilipousoma ukurasa ule mara ya kwanza nilifunga jalada nikatoka nje.

Mnajua uzito wa maneno hayo mawili. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba usipomhoji shahidi juu ya jambo la msingi, unahesabiwa umekubali alichosema. Na tangu shauri la mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, maswali ya kumuuliza shahidi wa utambuzi yanajulikana: ulimwona kwa muda gani, mkiwa umbali gani, mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, ulikuwa unamfahamu kabla? Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeyauliza. Hayakuulizwa, na mtu akahukumiwa kunyongwa.

Nikaenda kumwona gerezani. Akaniambia usiku ule alilala Kigamboni kwa shemeji yake, maana alfajiri alikuwa awahi samaki sokoni Feri.

"Wakili ulimwambia?"

"Nilimwambia, mzee. Tulionana mahabusu ya mahakama, asubuhi ileile ya kesi. Akasema tutaona."

Sheria inataka mshitakiwa anayedai alikuwa mahali pengine atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Akichelewa, basi angalau kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Asipofanya hivyo, mahakama ina hiari ya kutoupa utetezi huo uzito wowote. Huyu aliitaja Kigamboni kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani anajitetea. Jaji akaona ni hadithi ya kutungwa baadaye. Ningekuwa mimi, pengine ningeona hivyohivyo.

Wakili yule nilimtafuta. Si mtu mbaya. Alipangiwa kesi, akapewa jalada Ijumaa, kesi ikaanza Jumatatu. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kabla yake ilikuwepo ile ya 1969. Lakini kupewa wakili ni jambo moja, kutetewa ni jingine, na wengi waliohukumiwa kunyongwa wanaijua tofauti hiyo kuliko sisi tuliosomea.

Wenzetu Marekani wamelitafutia hili kipimo. Katika Strickland v. Washington, mwaka 1984, Mahakama ya Juu ilisema mlalamikaji athibitishe mambo mawili: kwamba wakili wake alifanya kazi chini ya kiwango, na kwamba upo uwezekano wa kuaminika kuwa bila kasoro hizo matokeo yangekuwa mengine. Hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi. Lilimwangusha David Washington, mlalamikaji mwenyewe wa shauri hilo. Hukumu ilitoka Mei. Julai mwaka uleule akauawa kwa kiti cha umeme huko Florida. Mwaka 2003, Kevin Wiggins wa Maryland alishinda, kwa sababu mawakili wake hawakuchunguza mateso aliyopitia utotoni, habari ambazo zingeweza kulifanya baraza la raia lililoamua adhabu limwepushe na kifo.

Sasa tazameni kwetu. Wiggins alikuwa na hatua ya pili, ya kupima adhabu. Sisi hatuna. Ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu ina adhabu moja tu. Wakili anasimama, anasema mteja wangu ana watoto wanne wadogo, na jaji anajibu kwamba sheria haimpi njia nyingine. Kwa hiyo swali lisiloulizwa asubuhi linageuka kitanzi jioni, bila kituo katikati. Mwaka 1995, katika shauri la Mbushuu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikasema Katiba inairuhusu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ikasema kumnyima jaji hiari ya adhabu ni kukiuka haki ya kuishi. Hatujanyonga mtu tangu 1994. Lakini hukumu zinatolewa, na aliyehukumiwa analala nayo kila usiku.

Mahakama hiyohiyo ya Arusha imeeleza pia kwamba ubora wa utetezi kimsingi ni jambo baina ya wakili na mteja. Dola inapaswa kuingilia pale tu udhaifu ulio wazi unapofikishwa kwake. Hapo pananiuma, kwa sababu mvuvi atajuaje kuwa anatetewa vibaya? Lakini ndiyo hali ilivyo, kwa hiyo mwambieni mteja mapema: usiporidhika nami, nyosha mkono umwambie jaji, na hakikisha imeandikwa. Na wewe ukipewa jalada Ijumaa, Jumatatu simama uombe ahirisho. Ukikataliwa, ombi na kukataliwa kwake viingie kwenye mwenendo. Majaji wa rufani wanasoma karatasi. Kisichoandikwa kwao hakikutokea.

Mteja wangu je? Rufaa ilikubaliwa, lakini kwa hoja nyingine kabisa: wazee wa baraza, raia wanaomshauri jaji, hawakuelekezwa ipasavyo. Mahakama haikufika kwenye hoja yetu ya utetezi hafifu, ikaamuru kesi isikilizwe upya. Akarudi mahabusu, akapanda tena karandinga. Safari hii, karatasi ya kwanza tuliyoiwasilisha ilikuwa taarifa kwamba usiku ule alilala Kigamboni, na jina la shemeji yake likiwa limeandikwa humo kama shahidi.