Mwanangu Anajifunza kwa Macho Kwanza

Habari zenu ndugu zangu. Leo sizunguki maana swali ni lilelile kila video, "dada, watoto wa huko ughaibuni wanajisomea bila kusukumwa, wa kwetu mpaka usimame pembeni, mnawafanyaje?" Najua nikijibu wapo watakaosema najimwambafai na wengine watasema nimeanza kulalamika si nirudi nyumbani, sawa tu semeni, ila hili limenigusa na ntaliongea.

Mwanangu wa pili alipoanza shule huku, ripoti ya kwanza ikaja imeandikwa hajitumi, hawezi kuanza kazi mwenyewe, anasubiri aambiwe. Wakataka apimwe uwezo wake wa kujifunza. Hapo ndo shida zikaanza, fomu kurasa 12, ripoti zake za zamani zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika na hela natoa mimi, zikarudishwa kisa muhuri, nikalipa tena. Hela niliyokuwa naweka ya nauli ya kuja kuwaona ikaishia hapo. Na inaniuma mpaka leo kwa sababu katika zile kurasa zote hakuna hata swali moja la kwamba huyu mtoto nyumbani anajifunzaje.

Mi nyumbani nilishamwona. Dada yake anakunja karatasi atengeneze boksi, yeye kasimama nyuma ya kiti, hagusi, haulizi, midomo inacheza tu kimyakimya. Kesho yake namkuta sakafuni na karatasi yake, anakunja, anafungua, anaangalia mkunjo umeendaje, anarudia, mpaka kona zikakutana. Hakuna aliyemtuma. Barry Zimmerman, mtaalamu wa mambo haya, anasema mtoto anayejisimamia kwenye masomo anapanga, anafanya huku anajichunguza, halafu anajitathmini. Sasa si ndo hayo hayo? Tofauti wangu kayafanya kimya, na mwalimu anasubiri mkono unyooshwe.

Nikaanza kusoma usiku. Mtafiti Barbara Rogoff na mwenzake walionyesha kwamba watoto wa jamii ya Kimaya huko Guatemala, mwingine akiwa anafundishwa pembeni, wanafuatilia kuliko watoto wa Marekani wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2018 ukatoka utafiti wa kina Bettina Lamm, watoto wa miaka 4 wanawekewa kitu kitamu, ukivumilia unaongezewa cha pili. Watoto wa Nso wa Kameruni karibu 70% walivumilia, wa Ujerumani kama 28% hivi. Yaani yule mtoto, kama hao wa Nso, aliyezoeshwa kutulia na kumsikiliza mkubwa, kujizuia anako kwingi sana!

Halafu kuna hili la kuchagua. Darasani wanawekewa kazi tatu, chagua unayotaka, wangu anaganda. Watafiti Iyengar na Lepper mwaka 1999 waliona watoto wa Marekani wenye asili ya Ulaya walijituma zaidi wakichagua wenyewe, wenye asili ya Asia wakajituma zaidi wakiambiwa mama ndo kachagua. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikakaa kidogo, maana nilikuwa nimeshaanza kumgombeza mtoto wa watu kwa kitu nilichomfundisha mwenyewe.

Ila na sisi wazazi tusijitetee kila kitu. Anayesubiri mkubwa amwambie, siku mkubwa hayupo anakwama, na mtihani haukai na mama. Kwa hiyo siku hizi simpangii, namuuliza utaanza na nini, ukikwama utafanyaje, halafu nanyamaza hata kama moyo unataka kumjibia. Na mwalimu nimemwomba amwache aangalie wenzake kazi moja kwanza. Hiyo ni kwangu, mwanao unamjua wewe, msije mkanilaumu kwenye komenti.

Majibu ya kupimwa bado. Juzi usiku kaniambia, "mama naanza na hii ngumu, nimemwona mwenzangu anavyoifanya," akavuta kiti akakaa.