Nyasi za Pwani Hufa kwa Kupendwa

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Gunia hili miguuni pangu tutalifikia. Kwanza naomba jani hili lipite mkono kwa mkono. Nimelichuma leo alfajiri ufukweni, juu kidogo ya pale maji yanapofika yakijaa. Ligeuzeni kwenye mwanga. Mnaona chembe nyeupe? Si vumbi hizo. Lambeni. Ni chumvi. Nyasi hizi, ambazo wataalamu huziita Sporobolus virginicus, zina vitezi kwenye majani vya kuitolea nje chumvi iliyopandia mizizini.

Nimeanza nazo kwa sababu kila anayenijia na bustani iliyonyauka huishtaki bahari. Mara nyingi bahari haina kosa. Kosa liko kwenye mpira wa maji.

Wengi wetu tunamwagilia maji ya kisima, na kisima cha karibu na bahari kina chumvi. Mtu anarudi jioni, anarashia rashia dakika tano, roho inatulia. Maji yale yamelowesha vidole viwili vya udongo. Kesho jua linayanyonya, chumvi inabaki juu. Kaskazi ikiisha, ua wako umekuwa chumvini, na umeme wa pampu umelipa mwenyewe! Mwagilia mara moja kwa wiki, lakini udongo ulowe mpaka ukichimba mkono uzame hadi kiwiko. Maji mengi huisukuma chumvi chini, na mizizi huyafuata.

Na mimi nimeua. Niliwahi kununua nyasi za Kikuyu, kijani kibichi, nikazilisha samadi kama ng'ombe wa maziwa. Zile ni nyasi za milimani, zimezoea baridi. Nilizipanda mwanzo wa Ramadhani, Idi hazikuiona.

Kwa uwanja wa kukalia, chukueni nyasi za Pemba, zile za jani pana. Ni za pwani hii hii ya Bahari ya Hindi na zinavumilia kivuli cha mwembe. Msizinyoe kipara, acheni vidole vinne.

Kwa urembo na kinga ya upepo mimi ni mtu wa vetiva, zile nyasi ndefu zinazoota kwa mashada. Mizizi yake hushuka wima, hata mita 3, na hizi tunazopanda mbegu zake hazioti, kwa hiyo inakaa ulipoiweka. Panda mstari upande wa kusi, kisha mchaichai nyuma yake, maana mchaichai hauna ubavu wa kupokea upepo wa bahari kifua wazi. Wenye mwamba wa matumbawe, tafuteni nyufa zenye udongo. Mizizi itajitafutia njia.

Mtaonyeshwa pia nyasi zenye mikia ya zambarau, Pennisetum setaceum. Nzuri, sikatai. Lakini mbegu zake hupeperuka, na kule Hawaii zilitoroka bustanini zikajaa kwenye miamba ya volkano, sasa zinalisha mioto. Na motomoto, lile gugu la mashambani, je? Aliyewahi kuung'oa shambani hawezi kuniuliza.

Masika ndiyo haya yameanza, basi wiki hii shikeni mundu. Kateni mashada yote, acheni shubiri moja. Msione huruma, yatachipua. Shada lililokufa katikati likabaki duara kama kata ya kubebea ndoo, ling'oeni, lipasueni kwa panga, tupeni kitovu kilichokauka, pandeni ya pembeni. Samadi kiganja tu. Ikizidi majani hunenepa, upepo mmoja yamelala chali.

Haya, gunia. Ni vipande vya vetiva nilivyovipasua jana jioni. Majani nimeyapunguza, mizizi bado mibichi. Kila nyumba vipande sita. Kati ya kipande na kipande acheni upana wa kiganja, na vya leo vipandwe leo, kabla ya magharibi. Wa nyumba za mbele, mnaopokea upepo kabla yetu, njooni mwanzo.